Ng'ombe wa Timu

Mume wangu alileta habari ya maziwa Jumapili moja, tuliporudi kutoka misa ya pili. Alivua koti, akalitundika mgongoni mwa kiti, akaniambia kwa sauti ile anayotumia kuwatangazia wanafunzi wake siku ya mtihani:

"Kocha anasema kila mutoto wa équipe anapashwa kunywa maziwa kila siku. Bila maziwa mifupa haikomale."

Nikamuuliza kama kocha alisema pia maziwa hayo yatatoka wapi. Tulikuwa katika vita, ile ya pili ya Kongo, na barabara ya kupanda Kabare leo inafunguliwa, kesho inafungwa, bila mtu kujua anayeamua ni nani. Akina mama waliozoea kushuka na mashanza, yale maziwa yaliyoganda ambayo sisi watu wa Bukavu tunayapenda na foufou, ugali wetu wa muhogo, hawakuonekana tena sokoni. Maziwa ya kopo yalikuwepo, lakini wenye maduka walikuwa wameyapandisha rafu ya juu kabisa, karibu na shampeni, na ukiyaomba walikuangalia kwanza viatu.

"Kocha hakusema," mume wangu akajibu. "Yeye ni fundi wa mpira."

Mimi nilikuwa katibu katika ofisi ya parokia. Mume wangu alikuwa assistant chuo kikuu, akifundisha jiografia ya nchi ambayo hakuna aliyeweza kuitembelea. Mshahara wake ulikuwa umeacha kuja tangu zamani, lakini bado alivaa tai kila asubuhi. Tulikaa mtaa wa Nyalukemba, katika nyumba ya matofali yenye salon, yaani sebule, kubwa kuliko mahitaji yetu, na mtoto wetu wa kiume wa miaka kumi na miwili alikuwa amechaguliwa katika hiyo équipe, timu ya vijana ambayo watu waliiita timu ya kiwango. Walichaguliwa watoto wa madaktari, wa maprofesa, wa watu wa ofisi na wa mashirika. Kusema kweli sikuwahi kusikia mtoto wa familia ya namna hiyo aliyekataliwa. Kulikuwa na ada ya kila mwezi, kulikuwa na jezi, kulikuwa na viatu vya meno vilivyoletwa kutoka ng'ambo ya Ruzizi, mto wa mpakani, ambavyo tulivinunua vikubwa makusudi ili vidumu, na mtoto akawa anavijaza magazeti. Kwa ajili ya viatu hivyo nilitoa pagne zangu mbili, vitenge vya siku ya ndoa, zikauzwa.

Usifikiri nilitoa bila kugombana. Niligombana. Mume wangu akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole: "Angalia. Diplome yangu haikunivusha hata hapo Ruzizi. Mupira utamuvusha huyu mutoto. Kocha anasema kuna muzungu wa Ubelgiji atakuja kuangalia batoto." Nikaenda kuzitoa pagne sandukuni. Kila mzazi katika timu ile alikuwa na wazo hilohilo kichwani. Hatukuwa tunalipia mchezo, tulikuwa tunalipia mlango wa kutokea.

Ligi yenyewe ilikuwa na timu tatu. Zilitakiwa kuwa nyingi, kutoka pande zote za Kivu, lakini kwa sababu ya barabara zilibaki tatu, zote za mjini, zikachezeana mwaka mzima mpaka watoto wakajuana hata kwa harufu. Mechi zote zilichezwa uwanja mmoja wa shule. Timu iliyoingia kwa geti la chini ndiyo iliitwa wageni. Mwaka mmoja sisi tulipewa kikombe cha timu bora ya ugenini, na mume wangu alikiweka juu ya kabati, karibu na sanamu ya Bikira Maria.

Uwanja huo, nusu yake ilikuwa imechukuliwa na askari. Walisimamisha mahema yao hadi katikati, na goli la upande wao likawa la kuanikia nguo. Siku za mechi kamati ya wazazi ilituma ujumbe kwa komanda kumwomba hema la katikati lisogezwe na nguo ziondolewe. Mara nyingine alikubali yote, mara nyingine hema lilisogea, nguo zikabaki kwa sababu hazijakauka. Bao la kwanza la mtoto wangu liliingia katika suruali ya askari iliyokuwa inaning'inia pale, mpira ukakwama ndani ya mguu wake. Mwamuzi alisimamisha mchezo akashauriana na wazee kama bao linahesabika wakati mpira haujagusa wavu. Mwenye suruali alitoka hemani na singlet yake, akasema linahesabika. Likahesabiwa.

Basi, turudi kwenye maziwa. Mume wangu alikuwa na dada yake mkubwa kule Miti, mjane, aliyebaki na ng'ombe wachache. Alimpelekea habari kwa mtu wa lori, na jibu likarudi kwamba tuje tuchukue mmoja, jike anayekamuliwa, tutamrudisha vita ikitulia. Dada mtu hakuuliza ng'ombe anaenda kufanya nini mjini. Aliona labda njaa imetushika tunaona aibu kusema.

Tukaenda wawili. Mume wangu alisema mwanaume peke yake na ng'ombe, kwenye barrière, vile vizuizi vya askari barabarani, ni mwizi, lakini bwana na bibi na ng'ombe ni familia. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa chuo, hakutaka kusafiri bila karatasi. Alikuwa amempigia yule ng'ombe ordre de mission kwa mashine ya fakulte, ile karatasi ya safari za kazi ambayo bila hiyo mtu hasogei katika nchi yetu, na akaipiga muhuri wa kamati ya wazazi. Ilisema: ng'ombe mmoja, jike, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji. Anatoka Miti, anaenda Bukavu. Sababu ya safari: michezo.

Askari wa barrière ya kwanza aliisoma yote kwa utulivu. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akamwangalia ng'ombe, akamwangalia mume wangu na tai yake, akasema:

"Hii ngombe eza joueur, muchezaji?"

"Hapana, chef. Anaenda kusaidia équipe."

"Njo kusema iko mu staff technique, pamoja na kocha."

"Njo vile, chef," mume wangu akakubali.

Askari akasoma tena. Nilianza kupumua. Halafu akaweka kidole kwenye karatasi. "Tarehe ya kurudi iko wapi? Hamukuandika. Mission bila tarehe ya kurudi si mission, ni kukimbia."

Mume wangu akatoa kalamu mfukoni, akaegemeza karatasi juu ya ubavu wa ng'ombe, akaandika: mwisho wa championnat, yaani ligi. Askari akaridhika. Akatuuliza kama tuna mtoto katika timu na anacheza namba gani, akatuambia kwamba yeye mwenyewe alicheza winga ya kushoto shuleni, kabla hawajaja kumchukua awe askari. Alitaka kuendelea kuongea, lakini mkubwa wake alimwita.

Kwenye barrière ya pili hawakusoma kitu. Walidai kodi, sisi hatukuwa na kitu mkononi, basi ng'ombe akalipa mwenyewe: wakamkamua palepale ndani ya kofia ya chuma, wakanywa kwa zamu, wakatufungulia. Tuliingia mjini tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Watu wa Nyalukemba walisimama mlangoni kutuangalia. Mume wangu aliwapungia mkono kama mtu anayetoka uwanja wa ndege.

Tulimpa ng'ombe jiko la nje. Lakini wakati ule mnyama aliyelala nje hakuamka kwako, kwa hiyo kila magharibi tulimwingiza ndani, salon. Tulisogeza viti ukutani na kutandika majani ya migomba. Alikuwa mpole, sina la kumlaumu, isipokuwa alikula vitambaa vyote nilivyokuwa nimefuma vya kuweka kwenye viti, kimoja kimoja, bila haraka. Wageni wakija jioni tuliwakaribisha wakae upande wa dirisha. Padre wetu alikuja mara moja, akabariki nyumba kama kawaida, na alipofika mbele ya ng'ombe alisita kidogo, kisha akambariki naye.

Majani ndiyo yalikuwa shida. Kocha, mtu mwembamba wa Uvira aliyedai kucheza Kinshasa zamani na ambaye hakuvua filimbi shingoni hata kanisani, alipata dawa. Aliwaamuru watoto waanze mazoezi kwa kukata nyasi za uwanja na kuzipandisha mlimani hadi kwetu wakikimbia. Alisema hayo ni mazoezi ya mapaja. Baada ya wiki chache uwanja ukawa kipara, vumbi tupu, nyasi nzuri zikabaki upande wa mahema tu. Kocha akaenda kuomba ruhusa kwa komanda, na kuanzia hapo ng'ombe akawa anashushwa mchana kula kati ya mahema, akilindwa na askari wenye bunduki. Mnyama mmoja tu katika mji mzima ndiye alikuwa na walinzi, na alikuwa wetu.

Mtoto wangu alikunywa maziwa asubuhi na jioni, macho amefumba. Akanenepa. Baada ya miezi miwili alikuwa na mashavu kama ya askofu, na wenzake wakaanza kumwita Ngombe. Kocha alikuja kunilalamikia.

"Maman, mutoto anakuwa muzito. Anafika kwa mupira, mupira umekwisha kwenda."

"Si ni wewe ulisema maziwa?"

"Nilisema maziwa, maman. Sikusema yote."

Habari ya kwamba maziwa yamezidi ilifika kwenye kamati. Kamati ya wazazi ilikuwa na rais, makamu wawili, katibu, msemaji, na mshauri wa kiroho. Wachezaji wenyewe, siku zenye malaria, hawakutimia kumi na mmoja. Wakaja wote, wakafanya mkutano salon kwetu jua likizama, ng'ombe akiwa katikati. Rais, bwana mmoja mwenye duka la dawa, alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Hii ngombe," akasema, "ilipita barrière kwa jina la équipe. Karatasi iko na muhuri ya kamati. Njo maana ngombe iko ya équipe."

Nilimwangalia mume wangu. Mume wangu alikuwa anaangalia muhuri. Mtu anayeheshimu karatasi, ukimwonyesha karatasi yake mwenyewe, amekwisha. Wakapiga kura. Wakamchagua makamu wa tatu, wa mambo ya ng'ombe. Wakakubaliana kila familia ipate nusu glasi kwa kila mchezaji. Mimi nikainua mkono.

"Na mavi? Nayo iko ya équipe?"

Rais akasema swali ni zuri, litasomwa katika kikao kijacho. Hicho kikao hakikufika, na mavi niliendelea kuzoa mimi kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, nikinawa kwa sabuni ya kufulia ili vitabu vya ubatizo visinuke.

Kisha maziwa yakaanza kupungua. Kila siku kidogo, mpaka ikawa glasi moja ya kugawana. Familia zikaanza kushukiana. Msemaji alidai sisi tunakamua kwa siri. Wengine walisema ni milio ya bunduki ya juu mlimani inayomtisha ng'ombe. Kocha alisema ni morali, akaja mara mbili kusimama mbele yake, mikono nyuma, kumweleza umuhimu wa msimu. Mume wangu, bila kumwambia mtu, alikwenda kwenye shirika moja lililoshughulika na mifugo, akaomba watume mtu amwangalie. Wakamwahidi mtu. Siku hawakusema. Aliwaelekeza uwanjani, kwa kuwa ndipo ng'ombe alipokuwa mchana.

Mtu huyo alikuja siku ya mazoezi. Nilikuwa nimepita kumpelekea mtoto soksi. Gari jeupe likasimama kwenye geti la chini, akashuka mzungu mrefu mwenye begi na viatu vya mpira, akasimama pembeni ya uwanja, akakunja mikono.

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea. Neno lilizunguka mtaa kabla mlango wa gari haujafungwa: Mbelgiji amefika. Wazazi walitoka maofisini. Mke wa daktari alikuja na vibigudi vya kukunja nywele kichwani, kitambaa juu yake. Rais alifunga duka la dawa na wagonjwa ndani. Kocha akapuliza filimbi mpaka ikakauka, akawapanga watoto wapige danadana, wapige vichwa, wakimbie nyumanyuma. Askari walitoa nguo zao golini bila kuombwa. Yule mzungu aliangalia yote kwa adabu. Nafikiri alidhani ndivyo tunavyokaribisha wageni. Mara moja alipiga makofi, na mama mmoja karibu nami akaanza kulia, akasema mtoto wake hajawahi kupanda ndege, atavaa nini.

Rais alitoa hotuba. Ilikuwa ndefu. Ilipokwisha, mzungu alishukuru, na kwa Kiswahili chake cha kujifunza akauliza:

"Na ngombe, iko wapi?"

Watoto waligeuka wote kumwangalia mwanangu. Kocha alimshika mabega akamsukuma mbele. "Huyu hapa, monsieur. Ngombe. Amekuwa muzito kidogo, lakini anapiga kwa miguu yote mbili."

Mwanangu alisimama wima, jasho linamtiririka kwenye yale mashavu. Mzungu alimshika mkono, akamwangalia usoni kwa upole, akasema, "Hapana. Ile nyingine."

Hapo mume wangu, aliyekuwa amefika akihema, alinyoosha kidole kuelekea mahema. Mzungu akachukua begi, akatembea mpaka kwa ng'ombe, akavaa glavu ndefu ya plastiki mpaka begani, akaingiza mkono. Wazazi wote tulikuwa tumemfuata. Tulisimama nusu duara, wengine tukiwa na nguo za Jumapili, tukimwangalia mtu tuliyemngoja mwaka mzima akiwa na mkono ndani ya ng'ombe. Alifikiri kidogo, akautoa.

"Iko na mimba," akasema. "Kubwa. Njo sababu ya maziwa."

Hakuna aliyecheka isipokuwa watoto na askari. Rais alimuuliza kwa sauti ndogo kama hata hivyo angeweza kuwakumbuka vijana akirudi kwao. Akajibu kwamba kwao ni Denmark na hajui kitu juu ya mpira. Akamchoma ng'ombe sindano moja, akatupa ushauri juu ya chumvi, akaenda.

Jioni ile mume wangu hakula. Alikaa salon, ng'ombe upande huu, yeye upande ule. Nilimletea sambaza, dagaa wa ziwa letu, na foufou, akasukuma sahani. Nilitaka kumwambia maneno makali, nilikuwa nayo tayari tangu zile pagne. Lakini nilipomwona amelegeza tai, jambo ambalo hakulifanya hata mshahara ulipoacha kuja, nikakaa karibu naye. Tukakaa hivyo, watatu.

Kamati ilirudi kudai ndama. Walisema kama mama ni wa timu, mtoto pia. Lakini kabla hajazaliwa, mapigano yakafika Miti, na asubuhi moja wifi yangu akatokea getini na godoro kichwani na sufuria mkononi. Ng'ombe wake wote walikuwa wamechukuliwa, na nyumba imechomwa. Hakutusalimu. Aliona kwanza yule mwekundu amesimama uani, akaweka vitu chini, akaenda kumshika shingo, akaongea naye Kimashi, lugha ya kwao, kwa muda mrefu. Sisi tulisubiri. Hatimaye akatugeukia, akatupa mkono mmoja mmoja, na kuniuliza kama kuna chai.

Rais wa kamati alipokuja wiki hiyo na makamu wa tatu, wifi yangu alikuwa anakata majani. Walimweleza habari ya karatasi na muhuri. Aliwasikiliza, panga mkononi.

"Équipe njo nani?" akauliza. "Ije hapa nimuone."

Hawakurudi tena. Ndama alizaliwa jikoni, jike, na maziwa yakarudi kwa wingi. Wifi yangu akaanza kugandisha mashanza na kuyauza pale getini. Alikaa nasi zaidi ya mwaka, na mwaka ule wote, mshahara wa chuo ukiwa haujulikani uliko, tulikula kutokana na ng'ombe aliyekuja mjini kwa ajili ya mpira. Kama mume wangu asingekuwa na wazimu ule, ng'ombe huyo naye angechukuliwa kule Miti pamoja na wengine. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sijui nimshukuru nani.

Timu haikumaliza msimu uliofuata. Askari wengine walikuja, wakachukua uwanja mzima, kocha akarudi kwao Uvira na filimbi yake. Hakuna mtoto aliyefika Ubelgiji kwa mpira. Wawili au watatu walifika Bujumbura kwa miguu, na familia zao, kama wakimbizi.

Mwanangu sasa ni mtu mzima, anafanya kazi maabara ya hospitali hapahapa mjini. Ni mwembamba. Hachezi, hata mechi za televisheni haangalii sana. Mwaka jana, alipokuja kunisalimia kabla ya kazi, nilimuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: kama miaka ile ya timu ilimfaa kitu. Nilitegemea atasema juu ya nidhamu, au marafiki, au lile bao la suruali.

Alifikiri, kikombe mkononi. "Maman," akasema, "nyumbani mulikuwa munaongea chini-chini. Radio chini-chini. Kila mutu anaogopa. Kule kiwanjani watu wakubwa banagombana kwa sauti, juu ya kona, juu ya offside, juu ya ngombe. Mi nilikuwa nasikia nafuu. Nilikuwa nasema, kama banaweza kugombana hivi juu ya kona, basi hatukufe leo."

Nilitaka kumuuliza zaidi, juu ya maziwa na viatu vile vikubwa na yote tuliyotoa. Lakini alikuwa anachelewa. Alisuuza kikombe chake mwenyewe, akachukua funguo, akashuka barabarani kutafuta motari na pikipiki yake.